Mkono wa Rubani

3 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko? Sisi huku wazima. Mama miguu inamsumbua kidogo, ila mdomo haujambo. Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu ukipiga simu Mama anafungulia sauti sebule nzima isikie, na nililonalo leo si la sebule nzima.

Saluni yangu imegeuka bunge. Tangu ile Jumanne kwenye tamthilia unayoigiza Rubani, ulipoweka kiganja juu ya injini iliyokufa na chombo kizima kikaamka huko angani, hakuna kichwa ninachosuka kisichoniuliza: "Hivi huyo Rubani ana nguvu za siri, au ni fundi tu?" Wengine wanasema alizaliwa nazo, mwenyewe hajijui. Wengine wanasema kuna kitu alikitengeneza, sisi hatukukiona. Juzi wawili waligombana, mmoja akatoka na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeona jini. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Kuna mmoja tu hacheki. Yule fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara, mama yake Pengo. Aliniuliza taratibu, macho kayainamisha: "Na mdogo wako mwenyewe, je?" Nikamwambia mdogo wangu hata kubadilisha balbu anaogopa. Hakunisadiki.

Basi niambie mimi. Rubani anazo au hana?

Dada yako


11 Juni

Shikamoo Dada,

Mimi mzima, ila usingizi haba. Barua yako nimeisoma huku napakwa rangi ya uso, nikacheka, mpakaji akanifokea.

Sikiliza. Tulipopiga ile sehemu, mkono wa kulia ulikuwa juu ya injini, wa kushoto ulikuwa chini unaunganisha waya. Nilikwenda kwa fundi umeme kujifunza ili vidole visidanganye. Halafu mhariri akakata, ukabaki wa kulia peke yake. Nikamfuata Mwandishi. Akatabasamu: "Waya hauna mvuto. Waache wajiulize."

"Lakini mimi najua nilichofanya," nikamwambia.

"Kisichoonekana hakikutokea."

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, Rubani hana kitu ila akili na vidole. Ukimuuliza yeye, bado hajaamua, na nadhani hana haraka ya kuamua. Mkataba unanikataza kulisema hili popote, kwa hiyo usimwambie Mama. Mama na siri ni maji na tenga.

Pengo ndiye yule binti mwenye kifafa? Nisalimie.

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu,

Natumai afya yako njema. Ya huku si njema, na sizungumzii miguu ya Mama.

Watu wanakuja nyumbani. Walianza mmoja mmoja, sasa wanapanga foleni tangu asubuhi kwenye kile kibaraza cha saluni, na wengine siwajui. Wanamwita Mama "mama wa Rubani". Na yeye, badala ya kuwarudisha makwao, amelitoa lile sweta lako la shule, anawafunika nalo kichwani mmoja baada ya mwingine. Hapokei hata senti, hilo nampa haki yake. Anawahadithia eti ulizaliwa umeme umekatika, ukalia mara moja tu, taa zikawaka. Mimi nilikuwepo! Taa ziliwaka kwa sababu mkunga alimfokea Baba akabadilishe fyuzi.

Nilipomkumbusha akanijibu, "Wewe kila kitu kwako ni fyuzi." Sijamwona ana furaha hivi tangu Baba atutoke, na ndiyo maana mdomo wangu ulikuwa mzito.

Lakini jana fundi wa nguo alinong'ona kwenye kiti changu kwamba Pengo hamezi tena vidonge. Mama yake amevimwaga chooni. Vinampa mtoto usingizi, anasema, na dawa na nguvu havikai nyumba moja. Nimemsihi hadi nikapiga magoti kwenye nywele zilizokatwa. Ananiambia nina wivu na mdogo wangu.

Sema, mwenzangu. Sema hadharani kwamba Rubani aliunganisha waya. Mkataba ni karatasi, huyu ni mtoto.

Dada yako


5 Julai

Shikamoo Dada,

Hali yangu ya mwili nzuri, ya moyo usiiulize.

Nilimpelekea Mwandishi barua yako. Aliisoma mara mbili, uso ukambadilika, nikadhani nimempata. Kisha akasema, "Nasikitika. Lakini sikumwambia mtu aache dawa."

"Sema basi kwamba hana nguvu. Mstari mmoja tu."

"Nikisema hana, nusu ya watazamaji wananikimbia. Nikisema anazo, nusu nyingine. Nawe ukisema, hutakuwa Rubani tena."

Ijumaa ijayo nitahojiwa kwenye televisheni, kipindi cha moja kwa moja. Nimeombwa nivae gwanda la chombo. Unajua nilisubiri nafasi hii muda gani, Dada, nikicheza maiti na wapita njia. Lakini nitasema. Mwambie fundi wa nguo aangalie.

Mdogo wako


15 Julai

Mdogo wangu,

Sijui hata nikusalimie vipi. Pole, na asante. Tulikuona sote. Ulisema vizuri: waya, mkono wa kushoto, mhariri, yote. Ulisema wenye dawa wameze dawa. Nilipiga makofi peke yangu.

Kisha fundi wa nguo akafuta machozi, akasema, "Mmeona? Mwenye nazo hajitangazi." Na kibaraza kizima kikaitikia. Wengine wakasema wakubwa wako wamekulazimisha ukanushe, ndiyo maana macho yako yalikuwa mekundu. Kesho yake foleni ilifika hadi kwa muuza vipuri.

Jana Pengo alianguka dukani kwa mama yake karibu na pasi ya moto. Mkono umebabuka kuanzia kiwiko. Mama yake amefunga jeraha kwa kitambaa safi na kumleta kwetu, si zahanati. Anasema televisheni ilikuwa mbali, wewe mwenyewe ukimgusa itakwisha.

Njoo. Sijui utafanya nini, ila njoo.

Dada yako


18 Julai

Dada,

Nakuja Jumamosi. Nimeshaondolewa kazini, kwa hiyo hakuna wa kumuomba ruhusa. Wewe tafuta vidonge hivyohivyo alivyokuwa akitumia, hata kama ni kumng'ang'ania daktari koti.

Mdogo wako


20 Julai, Jumamosi

Mdogo wangu,

Nimerudi kutoka zahanati na vidonge mkononi, nikakuta umeshaondoka. Viti vya saluni vimepinduka. Kibarazani hakuna hata mtu mmoja. Mama amejifungia chumbani, nikigonga anasema "niache". Ng'ambo ya barabara cherehani imenyamaza na mlango umefungwa. Muuza vipuri kaniangalia, akageuza uso.

Umefanya nini? Mtoto yu hai?

Nakupigia hupokei. Nimempa barua hii dereva wa basi akufikishie mkononi. Nijibu upesi.

Dada yako


21 Julai

Shikamoo Dada,

Mtoto yu hai. Nilipomuacha alikuwa anapumua vizuri. Nisamehe simu, nilikuwa siwezi kusema.

Nilifika wewe umeshatoka. Mama alikuwa amewaita wote, wamejaa hadi kwenye mabeseni ya kuoshea nywele. Alinikumbatia mbele yao kwa muda mrefu, na nilihisi anavyotetemeka kwa furaha. Fundi wa nguo akapita katikati ya watu, akaniwekea Pengo mapajani. Mtoto kaniuliza kama chombo kile kina choo. Nikamwambia kina, lakini hakifanyi kazi. Akacheka na lile pengo lake.

"Mimi sina kitu, mama," nikamwambia mama yake. "Nilikwisha sema."

"Ulisema kwenye televisheni. Hapa hakuna kamera."

Hapohapo Pengo akakakamaa. Macho yakapanda. Nilimlaza chini kwa ubavu, nikamwekea sweta chini ya kichwa, nikasukuma viti visimuumize. Mama yake akapiga kelele: "Weka mkono! Weka mkono!" Wote wakaitikia. Nikasikia na sauti ya Mama humo: "Weka mkono, mwanangu."

Nikauweka, Dada. Hili sitamwambia mwingine. Niliuweka kwenye paji la uso wake na kwa kitambo kidogo nikaamini. Niliomba kwa kila kilichomo ndani yangu kwamba Mwandishi awe anajua jambo nisilolijua mimi. Mtoto aliendelea kupigwapigwa chini ya kiganja changu, povu mdomoni, na ule mkono wenye jeraha ukijipiga sakafuni.

Ndipo nikawaza: kifafa kikitulia chenyewe, kama kinavyotulia siku zote, watasema ni mimi. Basi nikautoa mkono. Nikauinua juu wauone wote, na mtoto bado anatetemeka. Nikawaambia, "Tazameni. Tazameni vizuri. Ni mkono tu." Sikuushusha hadi alipotulia peke yake.

Mama yake alimbeba, akanitazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta. Watu walitoka wakiangushana na viti. Mmoja alinitemea mate miguuni. Mama akasema neno moja: "Nenda."

Nikaenda.

Mdogo wako


9 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Nimekawia kwa sababu nilitaka nikuandikie la uhakika.

Fundi wa nguo alikuja asubuhi ya Jumatatu ile baada ya wewe kuondoka. Hakunisalimu. Alinyoosha mkono, nikampa vidonge, akaenda. Siku za mwanzo mtoto alisinzia sana. Jeraha limeanza kufunga, muuguzi analisafisha. Tangu hapo hajaanguka. Mama yake akiniona anavuka barabara, na sidhani atanisamehe mapema, wala wewe. Wateja wamepungua, mtu ameandika WAONGO mlangoni kwa mkaa, nimefuta, likabaki kidogo.

Wamemleta Rubani mwingine. Jumanne tulimwona. Safari hii hawakuacha swali: aliinua mkono tu, mwanga wa buluu ukatoka vidoleni, milango yote ya chombo ikafunguka. Mama alikuwa amekaa kimya kama alivyokaa wiki zote hizi. Alimtazama yule binti hadi mwisho, kisha akazima televisheni.

"Mwandikie mwenzio," akaniambia.

"Nimwandikie nini, Mama?"

"Mwandikie nilimwambia nenda, sikumwambia asirudi. Na umwambie nilizaa mtu. Mtu ananitosha."

Kisha akauliza kama unakula vizuri. Chumba chako nimekifagia.

Dada yako