Mpishi Asiyemaliza Sahani

Majengo, Songea

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na kile kifua kimekuachia. Mikorosho imeanza kuchanua huko Nakapanya? Huku baridi imeingia. Asubuhi mtu akisema neno, mvuke unamtoka mdomoni. Mimi mzima, alhamdulillah, na leo nalisema hilo bila kukudanganya.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Kila nikipiga unasema, "Ongea na kaka yako," kisha nasikia ndara zako zinaondoka. Kaka akikusomea haya, nakuomba uketi mpaka mwisho.

Siku nilipokuja kukuaga ulisema, "Tumbo aliloliumba Mungu, binadamu hana ruhusa ya kulikata. Ukienda, nenda peke yako." Nikaenda peke yangu. Sikufuata urembo, Mama. Mwili ulinizidi uzito, sukari ilikataa kushuka kwa vidonge, na kidonda cha kisigino kilikaa miezi bila kufunga. Kila nikikitazama nilimwona Shangazi Mwanaidi, dada yake marehemu Baba, na mguu wake uliobaki hospitali. Daktari wa hapa ndiye aliyeniandikia niende Dar nikapunguzwe tumbo.

Kule hawakunipasua kama ulivyoogopa. Walitoboa matundu madogo, wakapitisha kamera na vyuma vyembamba, wakaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Uliobaki ni mwembamba, mfano wa ndizi. Vidonda vyenyewe havikuniuma sana. Lililouma ni bega, kwa sababu ya hewa waliyojaza tumboni ili waone vizuri.

Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji nesi aliniuliza, "Umekuja na nani?" Aibu ikanishika. Nikamjibu, "Na mama yangu, yuko nje." Nilipozinduka nikamsikia anaita huko koridoni, "Mama yake Zuhura! Mama yake Zuhura yuko wapi? Mwanao ameamka!" Aliita, akaita. Nilitaka kumwambia aache, lakini koo lilikuwa kavu, sauti haitoki. Mwishowe mama mmoja wa Kichaga, aliyekuwa anamuuguza binti yake kitanda cha jirani, akasema, "Nipo." Akaja akanishika mkono.

Kesho yake tulitakiwa tutembee, damu isije ikaganda miguuni. Mama yule alitukokota wote wawili, binti yake kulia, mimi kushoto, huku anatugombeza: "Twendeni, wavivu nyie!" Nilifurahi kugombezwa, Mama. Waliporuhusiwa kabla yangu nilijifunika shuka mpaka kichwani, nikalia.

Nilirudi Songea kunywa supu kijiko kimoja kimoja. Sasa nakula chakula kama watu, ila kidogo tu nimeshiba, na nikilazimisha kinarudi. Na kazi yangu unaijua. Nashinda mgahawani napika wali, maharage, kisamvu kama ulivyonifundisha, naonja tu basi. Fundi magari mmoja, mteja wangu wa kila siku, alisema mbele ya wote, "Mpishi mwenyewe hamalizi sahani, sisi wenzake tunalishwa nini?" Wakacheka, nami nikacheka. Lakini wako wanaonong'ona kwamba nimekonda kwa ule ugonjwa. Nywele nazo zinapukutika. Daktari alinionya, na anasema zitaota tena. Ninashukuru kuna mtandio.

Sikujua kwamba chakula ndicho kilichokuwa kinanikalisha na watu. Jirani yangu Mama Kapinga, zamani akitoka kanisani Jumapili tulikuwa tunakula sinia moja, maneno hayaishi mpaka alasiri. Sasa namaliza yeye hajakolea. Jumapili moja akakisukuma chakula kando: "Zuhura, unanifanya nijione mlafi." Nikamwambia ale tu, mimi nipo. Alikula matonge mawili, akaaga. Tangu hapo tunasalimiana kwa mbali tukianika nguo.

Lakini nikupe na mazuri. Kidonda kimefunga. Vidonge vya sukari vimepunguzwa. Na Ijumaa iliyopita, mimi niliyekuwa nasali kwenye kiti miaka yote ile, niliteremka mpaka kwenye mkeka, paji la uso likagusa chini, nikanyanyuka bila kushika ukuta. Nilipotoa salamu nikageuka nimtafute wa kumwambia. Chumbani hamkuwa na mtu.

Kisha juzi kondakta wa basi la Tunduru akanipigia, nikachukue mzigo stendi. Ulikuwa mfuko wa unga wa ulezi. Nikamuuliza, "Nani katuma? Hakusema neno?" Akasema, "Bibi mmoja. Kaniambia tu nisiulowanishe." Nikatia vidole ndani, nikajua. Hakuna mwingine anayechekecha unga ukawa laini namna ile. Nilikaa kwenye benchi nimeupakata, mabasi yanaingia na kutoka, sikumbuki nilikaa mpaka saa ngapi.

Uji wake nimeunywa, Mama. Umetulia tumboni.

Nisalimie kaka Shabani, msomaji wetu, na wifi yangu. Shangazi Mwanaidi mwambie mguu wangu upo, na kila nikitembea namwombea. Bibi mkunga aliyenipokea duniani mbusu mkono kwa niaba yangu. Na majirani wanaoniuliza, waambie ukweli wowote utakaopenda.

Nimenunua godoro la pili, nimelitandika upande wa dirishani, ambako jua linaingia asubuhi. Basi lile lililoleta unga lina viti, Mama. Panda uje.

Ni mimi kitindamimba wako,
Zuhura