Jibu la Wambui Jukwaani

Jumamosi, Xiaobei, Guangzhou

Na bado sijamwambia.

Nilidhani onyesho la muziki wa kantri lingenipa ujasiri. Kwetu Nyandarua, redio ya Jumapili ilikuwa kantri tupu. Wachina wenye kofia pana walipiga gitaa vizuri kuliko nilivyotarajia, kisha akaja mchekeshaji, kisha mbwa wanaoruka ndani ya pete. Binti yangu Wambui, miaka minane, alikuwa anacheka kwanza, halafu ananitafsiria.

Mtangazaji akamwita jukwaani. Akamuuliza kitu kwa Kichina, mtoto akajibu bila kusita, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi, kama mjinga, nikapiga pia.

Kwenye metro nikamuuliza aliulizwa nini.

"Kwetu ni wapi. Nikamwambia ni hapa, Guangzhou." Akanitazama. "Si ndiyo, Baba?"

Jumanne tulinyimwa viza mpya. Zimebaki siku tisa tuondoke, na sina mlango mwingine wa kubisha.

Nikamwambia ndiyo.

Amelala na kofia ya karatasi waliyompa jukwaani. Kabla ya kulala aliomba turudi tena mwezi ujao, na hilo pia nimekubali.