Gauni la Mishono ya Nje

Mama yangu,

Leo nimeshona gauni la triko, kile kitambaa laini kinachovutika, la kushindia nyumbani tu. Kitambaa kilipoanza kujikunja chini ya sindano nikasikia sauti yako: "Usiivute, Furaha. Iache itembee yenyewe." Miaka mingi imepita tangu tukuzike, na bado unanisimamia begani.

Nakumbuka mwaka wetu wa kwanza Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, katikati ya miaka ya tisini. Ulikuwa unaenda Lilongwe, pale Old Town, kuchagua kaunjika: fulana kubwa za mtumba, laini, zinazovutika. Ukizifumua na kuziunga, zilikuwa magauni ya kupikia, ya kunyonyeshea, hata ya kulalia. Wamama wa kambi waliyapenda kwa sababu hayakubana popote. Lakini hakuna mteja aliyeingia ndani. Uliwapima nje, juani. Mimi nilijua kwa nini. Kule Bukavu, tulikotoka, mgeni mmoja mpole alikuja mlangoni kuuliza baba anarudi kutoka kazini saa ngapi. Jioni ileile askari wakaja, na baba hatukumwona tena.

Ndipo akaja Godelieve, yule Mrundi mwembamba.

"Nataka gauni," alisema. "Lakini mumpime huyu binti."

Yaani mimi, niliyekuwa na miaka kumi na minne. Ukasimamisha mashini.

"Kwa nini yeye? Gauni ni ya nani?"

"Ya ndugu yangu. Wanalingana."

Kisha akaomba mambo ya ajabu: mishono ikae nje badala ya ndani, shingo iwe pana sana, kusiwe na kifungo wala zipu. Alipoondoka ulifunga mlango mchana kweupe.

"Mwanamuke wa umri ule, na haitwi mama wa mutu? Ule iko anatafuta kitu. Na mishono inje! Nani anavaa nguo ya kupindua?"

Ulimshonea, maana kazi ilikuwa adimu, lakini hukukubali anione nikipimwa. Akarudi kuagiza la pili, laini zaidi. Macho yake yalitua mabegani mwangu, shingoni mwangu, kama mtu anayekadiria. Nikaanza kuogopa kwenda kuchota maji peke yangu. Jirani akatuambia amemwona akipanda matola, yale magari ya mizigo yanayobeba abiria, akienda mjini na kifurushi na kurudi mikono mitupu. Hapo ukawa na hakika.

"Banauzisha basichana," ulininong'oneza. "Nguo njo banapimia." Yaani gauni ndilo kipimo chao.

Siku moja tulikuwa Old Town tukichambua fulana, ukamwona Godelieve katikati ya watu. Ulinishika mkono mpaka ukaniuma. Tukamfuata kwa miguu hadi mtaa wa Mchesi, tukampita mwuza mkaa, tukafika kwenye chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Hukupiga hodi. Ulisukuma mlango.

Mkekani alikaa msichana wa rika langu, amevaa gauni letu. Kuanzia shingoni hadi kiunoni ngozi yake ilikuwa imeungua, inang'aa, imevutika upande mmoja. Kila mshono ambao ungemgusa ulikuwa umekaa nje.

Godelieve alipiga magoti. "Mama Furaha, nakuomba. Ni binti yangu, Chantal. Nyumba yetu ilichomwa tukiwa ndani. Vidonda vinasafishwa huku, hospitalini. Wakuu wa kambi wakijua anaishi nje bila ruhusa watamrudisha, na kule hakuna wa kumsafisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinisimamisha juani kama mwizi. Ningekuambia nini?"

Ulichuchumaa mbele ya Chantal.

"Mwanangu, inauma wapi?"

Akaonyesha kwapani. Ukatoa mkasi mkobani, ukaikata ile mikono ya gauni hapohapo mwilini mwake, polepole, kidole chako kikiwa kati ya chuma na ngozi. Alikuwa amefumba macho. Ulipomaliza, akainua mkono juu, akacheka kidogo.

Usifikiri nimesahau kilichofuata. Bwana mmoja mwenye koti alikuja kwetu, akauliza kama Godelieve ana mtoto aliyefichwa mjini. Wewe ulimtazama juu hadi chini.

"Mi nashona tu. Na we, nani amekutuma? Jina yako nani? Kwa nini unauliza batoto ya bantu?"

Ulimbana kwa maswali mpaka akaaga mwenyewe, na njiani akageuka mara mbili kutuangalia. Wasiwasi wako haukuisha, mama. Ulikuwa tu umewaingiza Godelieve na Chantal nao ndani yake, uwalinde kama ulivyonilinda mimi.

Nakiri nilikukasirikia kwa miaka. Ulinikataza marafiki, uliwashuku hata wanakwaya. Leo ninaishi Area 49, hapa Lilongwe, nina wateja wangu, na mgeni akiniuliza mume wangu yuko wapi, moyo wangu unaruka kabla sijasema neno. Sijui kama huo ni urithi au ugonjwa. Najua tu kwamba Chantal alipopona na kuhamia kambini, ndiye msichana pekee uliyemruhusu kulala kitandani kwangu.

Siku ya maziko yako alisimama kando yangu tangu asubuhi, ameshika mkono wangu. Mzee mmoja wa kanisa, asiyemfahamu, akamwuliza yeye ni nani kwa marehemu.

"Mimi ni wa nyumba hii," alisema.

Hakuna aliyemwuliza tena.

Lala kwa amani, mama. Hapa mlangoni niko mimi.

Binti yako,
Furaha