Mjomba, Rudisha Ile Ndege

Mjomba wangu uliyekimbia,

Kuanzia kilele cha Rungwe mpaka ufukwe wa Kyela hajazaliwa mtu mwenye macho kama yangu, na ukibisha njoo tubishane hapa hapa mlangoni. Wengine wanaangalia picha. Mimi naingia ndani yake, nazunguka nyuma ya kuku, natoka na unyoya mkononi. Wazungu walioitengeneza kompyuta wakinikuta kwenye kiti changu watavua kofia na kuniomba niwaelekeze taratibu. Na haya yote kwa elimu ya kidato cha pili, ambayo nusu yake nilikuwa nimefukuzwa.

Nimeshakusalimu hivyo. Sasa nina hasira na wewe.

Barua hii naibandika mlangoni pa studio kwa gundi, juu ya lile tangazo lako la “Tumefunga kwa muda”. Muda gani huo, mjomba? Nakala nyingine nampa mama akusomee kwenye simu, maana dada yako unampigia kila Ijumaa kutoka huko Tanga. Unamuuliza mvua, unamuuliza migomba, unamuuliza goti lake. Mimi huniulizii. Goti la mama lina bahati kuliko mpwa wako.

Na kwa kuwa watu wa mtaa wetu huu wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, wanaokwenda kununua sukari watasimama hapa kusoma, ngoja niwaeleze nao, wasije wakasema nakuonea.

Lile pazia ulilichora wewe, kabla sijazaliwa, kwa rangi za kupaka milango. Ndege nyeupe yenye mkia mwekundu, mawingu juu yake, ngazi imeteremka mpaka chini. Mbele ya ngazi ya kuchora ukaweka ngazi ya mbao ya kweli. Mteja ananawa matope miguuni kwenye ndoo ya mlangoni, anavaa koti la studio, anapanda mpaka kidato cha juu, anageuka, anapunga mkono. Kabla hujabonyeza kamera lazima umuulize, “Safari ya wapi leo?” Atakachojibu unakiandika nyuma ya picha. Mmoja London, mwingine Maka. Unamkumbuka yule bibi wa Ibighi?

“Safari ya wapi leo, bibi?”

“Kyela.”

“Kyela kwa ndege?”

“Ndiyo. Barabara imenichosha.”

Ukamwandikia Kyela, kwa mwandiko mzuri, bila kucheka. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia nimeuma mkono ili nisipasuke.

Nyumba nyingi kutoka hapa mpaka Nkunga zina mtu ukutani anayepunga mkono kutoka kwenye ndege yako. Hakuna aliyewahi kusema ni kitambaa.

Halafu biashara zikaachiwa, kila mtu akawa anaingiza anachotaka. Vijana wa stendi wakapata kamera ndogo za rangi, wakawa wanawafuata wateja mpaka harusini na mpaka shambani kwenye chai, picha zinakwenda Mbeya asubuhi zinarudi jioni. Sisi tukabaki tunatazamana, wewe, mimi na ndege. Ndipo ukanunua ile kompyuta ya mtumba na kamera ya dijitali, ukanikabidhi kama mtu anayekabidhi mbwa mkali, umenyoosha mkono na mwili umeuacha nyuma.

Uliniambia, na nakumbuka ulikuwa unafuta lenzi kwa ncha ya kanzu, “Mpwa, niletee kitu ambacho wale wa stendi hawana. Ukikileta, nakuandika kwenye kibao.”

Kibao kinasema STUDIO YA IDRISA. Mimi nilitaka chini yake paandikwe NA MPWA WAKE. Hicho tu. Shuleni jina langu liliandikwa kwenye ubao mara nyingi, lakini ni ile orodha ya wapiga kelele. Nilitaka safari hii liandikwe barabarani, kwa rangi ya mafuta, mvua ya Tukuyu ilipige na lisifutike.

Nikakileta. Nilikiona kwenye intaneti pale jirani na stendi: picha iliyochanganya nyekundu na bluu kama imeugua, ukivaa miwani yake inasimama na kukufuata. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kukipiga picha, sikisomi. Lakini nilielewa. Binadamu ana macho mawili, na kila jicho linaona chake. Basi unapiga picha moja, unasogeza kamera pembeni kiasi cha jicho na jicho, unapiga ya pili. Unaziingiza kwenye ile programu ya kuchezea picha. Ya kushoto unaiachia wekundu tu, ya kulia unaivua wekundu wote, unazilaza moja juu ya nyingine. Miwani nikakata boksi la majani ya chai, nikaweka nailoni za kufungia zawadi za harusi, nyekundu jicho hili, bluu jicho lile.

Ya kwanza, ya jogoo wa mama, niliziweka kinyume, ya kulia kushoto. Mgomba wa nyuma ya nyumba ukaja mbele ya jogoo, jogoo akazama ukutani, na wewe ukaniuliza nimekula nini. Ya pili ilikuwa na vivuli viwili viwili, kichwa kikakuuma ukalala mchana. Ulikuwa unanitania kila ukipita: “Fundi, leo tunaugua nini?” Nikakaa na ile mashine mpaka nikajua kila picha isogezwe kiasi gani, kushoto au kulia, ili kitu kikae mbele ya kioo au nyuma yake. Hakuna aliyenifundisha. Hili silisemi kwa majivuno. Basi, nalisema kwa majivuno.

Siku jogoo aliposimama sawasawa nilikuita. Mama alikuwepo, kwa hiyo usikatae. Ulivaa ile miwani ya boksi la chai juu ya miwani yako ya kusomea, ukanyoosha mkono kumshika jogoo aliye ndani ya kompyuta.

“Subhanallah! Huyu anadonoa!”

Mama akasema, “Kaka, muache, huyo ni wa Idi.”

Ukacheka mpaka ukakohoa. Jioni ile ile ukapanda kwenye kiti, ukapaka rangi nyeupe kwenye kibao chini ya jina lako, mstari mzima, nafasi yangu. Ukasema ikikauka vizuri utaandika, Idi ikipita.

Ikafika Idi. Studio ilijaa mpaka barazani, Waislamu wa mjini na majirani zao waliokuja kula pilau. Aliyetangulia alikuwa Mama Zawadi wa Nkunga, muuza ndizi, kitenge kipya kinanukia duka. Ukamuuliza safari, akasema Nairobi. Akapanda, akapunga mkono. Nikapiga ya kushoto, nikamwambia, “Mama usipumue,” nikasogeza kamera, nikapiga ya kulia. Nikachanganya pale pale mbele ya watu, vidole vinaruka, nikamvisha miwani.

Akaruka nyuma. “Mwe! Mbona mkono wangu unatoka?” Watu wakasukumana kuona. Nilikuwa mfalme, mjomba. Dakika ile ungenipa hata wilaya.

Halafu akasogeza uso kwenye kioo. “Gwe, wewe kijana, hebu njoo. Mimi nimetoka. Ndege mbona haijatoka?”

Maana ndiyo hivyo. Yeye alisimama mzima, na ngazi ya mbao ikasimama, lakini nyuma yake palikuwa na kitambaa. Kitambaa hasa, kimening'inia. Mikunjo yote ikaonekana. Bawa limekunjamana, mawingu yana mshono katikati, na chini kabisa pindo limeachia nyuzi.

“Ndege imepigwa pasi vibaya!” akasema kijana mmoja.

“Siyo pasi, imeanikwa!”

“Mama Zawadi umesafiri na shuka!”

Wakacheka. Baraza zima likacheka, miwani ikawa inanyang'anywa, kila mmoja anataka kuiona shuka inayoruka. Ukaja kutoka nyuma ya kamera yako ya zamani, ukavaa miwani, ukaangalia. Hukusema Subhanallah safari hii. Ulisema, “Zima hiyo mashine.”

Nikakujibu, “Mjomba, kosa si la mashine. Mashine inasema kweli.”

Ukalishusha pazia wateja wakiwa bado foleni. Hukulikunja kama tulivyozoea, mimi ncha hii na wewe ile. Ulilizungusha peke yako, ukaanguka nalo goti moja, hukutaka nikushike. Wiki haikuisha, ukawa Tanga, kwa ndugu ambao hata sura zao huzijui, na pazia umelibeba.

Sasa nisikilize. Nani anahama mji kwa sababu ya kicheko? Mimi nimechekwa Tukuyu hii tangu natambaa. Nilichekwa nilipofukuzwa, nilichekwa nilipoanguka na baiskeli mbele ya kanisa wakati wanatoka wote. Ningekuwa nahama kila nikichekwa ningekuwa nimeshafika Misri. Wewe mtu mzima, kanzu, heshima zako, watu wamecheka asubuhi moja, umefunga duka! Umeniachia ukuta mweupe na kibao chenye mstari mweupe. Wapita njia wananiuliza, “Hapo palifutwa nini?” Niseme nini? Hapakufutwa kitu. Hapajaandikwa.

Na wala usidhani walikaa wanakucheka. Sikukuu iliyofuata nilifungua kidogo, nijaribu mwenyewe. Wakaja. Nikawaambia nitawatoa kwenye picha wakae mezani kama sahani. Wakasema sawa, vizuri, lakini ndege iko wapi? Mama Zawadi naye. Yule yule! Nilitamani kumrushia kipanya cha kompyuta.

“Mama, si wewe ulisema ni shuka?”

“Kwani nani alikuwa hajui ni kitambaa? Tulicheka tu, mwanangu. Mwambie Idrisa arudi, Nairobi yangu sijaenda bado.”

Nikamwambia hukuacha namba. Uongo, namba anayo mama. Lakini ningempa, angekupigia, ungempokea yeye na kumuuliza goti.

Basi nikasema, kama ndege haiji nitaitengeneza. Nimezunguka na mvua, Ibighi mpaka Nkunga, naazima picha zako za ukutani. Watu wananipa huku wananifuata mpaka njiani wakiniambia nisizilowanishe. Nimezipitisha kwenye skana, nimeikata ndege kipande kipande kwenye kompyuta. Pua nimeisogeza huku na huku mpaka ikatoka mbele. Bawa la nyuma nimelirudisha nyuma, mkia nimeupeleka mbali zaidi, mawingu mbali kabisa, na ngazi nimeipandisha kidato kwa kidato. Picha ilikuwa moja, mimi nimetoa mbili, jicho la kushoto lina yake na la kulia lina yake. Hakuna mkunjo. Hakuna mshono. Ukivaa miwani, ile ndege uliyoichora kwa rangi ya milango imejaa, ina tumbo, ina pande. Mama alipoiona alishika kiti. Wa stendi wakiona watauza kamera zao wakalime viazi.

Ningekutumia uione, lakini haijaisha, na hapo ndipo ninapokukasirikia kuliko pengine pote. Kila mteja uliyempiga alisimama juu kabisa ya ngazi, mbele ya mlango wa ndege. Picha zote, mjomba. Yule bibi wa safari ya Kyela yuko mbele ya mlango, Mama Zawadi niliyempiga mimi naye yuko mbele ya mlango, hata mama yangu siku ya harusi yake yuko mbele ya mlango. Nikimtoa mtu, kinabaki kitundu chenye umbo la mtu. Nimeziba kwa kipande cha bawa, kikawa kama kiraka kwenye suruali. Nimejaribu kuchora mwenyewe na kipanya, nikafuta. Na wewe ndiye uliyebeba pazia, ukajua kabisa kwamba bila hilo sitaweza.

Haya. Pazia halikuniharibia kitu, wala kicheko, wala mashine. Nimefagia chini ya lile pazia tangu nikiwa mfupi kuliko ufagio. Nimelikung'uta vumbi, nimelikausha kwa jiko la mkaa wakati wa masika, nimelikunja na wewe, ncha hii na ncha ile, mpaka mikono ikakutana. Nimekaa siku nzima najaribu kukumbuka mlango wa ndege uliuchora wazi au umefungwa, na kama kuna mtu uliyemweka ndani. Sijui, mjomba. Sikuwahi kuutazama.

Kaa salama huko kwa wageni wako,

Mpwa wako, ambaye bado hajaandikwa.