Dawa ya Mama Mkwe

Shemeji Ambakisye,

Dereva wa lori amenifikishia salamu zako. Anasema ulipotoka gerezani ulivuka mpaka pale Tunduma bila kupita nyumbani, ukamwambia tu, "Nisalimie mama." Basi kaa kitako usome, maana salamu hizo sina wa kumpa.

Nilikupenda, bwana. Nilipokuja Ibaba kumposa dada yako, wewe ndiwe uliyenifundisha adabu za mkwe. "Ukimsikia mama anakuja, ingia migombani mpaka apite. Usimtazame, naye asikutazame." Siku nilipojitupa kwenye matope na shati la kanisani, ulicheka mpaka ukashika mbavu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuona uso wake. Mahindi mabichi alinitumia kupitia kwako, nami sukari nilimtumia kupitia kwako.

Kumbe hapo ndipo ulipopata mlango. Ulirudi kutoka migodini Rodesia na mguu uliopondwa na jiwe, na hospitali ya huko ilikuwa imekuzoesha ile dawa ya afyuni ya kutuliza maumivu. Ungeniambia. Badala yake ulikuja hapa zahanati ya Ikinga, ukaketi kwenye benchi la wagonjwa, ukanililia machozi kabisa: "Shemeji, mama ana uvimbe tumboni. Usiku halali." Mgonjwa mwingine yeyote mimi dresa, mganga wa zahanati, ningemfuata kwake nimpime. Huyu nisingeweza, nawe ulilijua hilo. Dada yako alikuwa amejifungua juzi juzi, hawezi kupanda milima. Nikafungua kabati, nikakupa chupa. Ukaja tena, na tena. Kila nilipopita Ibaba na sanduku langu la dawa, nikikaribia kwenu niliacha njia kwa heshima, na kumbe mama yuko shambani anapalilia maharage, mzima wa afya.

Mtoto alipopata nguvu, dada yako alimpeleka kwa bibi yake. Alirudi, akapika. Baada ya kula ndipo akaniambia, "Mama hajaumwa hata jino."

Niliripoti bomani mimi mwenyewe, na sijutii. Hakimu alikusomea kwamba kumdanganya mganga ili akupe dawa iliyo kwenye orodha ya sumu ni kosa, akakupa miezi sita. Mimi nikapewa onyo na sharti jipya: dawa ile isitoke mpaka nimwone mgonjwa kwa macho yangu na kutia sahihi kwamba nimemwona. Nikikiuka, nami ndani.

Mwezi wa nne wa kifungo chako, mama aliugua kweli. Tumbo, vile vile ulivyosema. Nilikimbia na chupa mfukoni, nikasimama nyuma ya nyumba, dada yako akaingia kumwomba aniruhusu. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Mkwe wangu aje kunitazama na kunishika tumbo? Afadhali nife."

Siku tatu, Ambakisye. Dada yako alitoka akanipigia magoti, "Andika tu kwamba umemwona." Karatasi ninayo, kalamu ninayo, mkono ukakataa. Nilikuwa nakuona wewe kizimbani, nikaogopa. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Tumemzika kando ya baba yako.

Nina hasira nawe, na sidhani kama itaisha. Ulichukua heshima niliyompa mama yako ukaifanya njia ya kuniibia. Lakini dada yako hanisemeshi mimi. Ananipakulia chakula, anaondoka. Neno moja tu aliniambia baada ya matanga, kwamba wewe ulimsingizia mama ugonjwa akiwa mzima, mimi nilishindwa kusema uongo akiwa anakufa. Ungekuwa wewe mahali pangu siku zile, ungetia sahihi ile bila kusita, na mama angelala.

Ni mimi,
mume wa dada yako