Wenzangu wa Deosai

Ichhra, Lahore
Mwishoni mwa Agosti

Dada yangu mpenzi Kaneez,

Assalaam alaikum wa rahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, umetulia na chai yako mkononi, na joto la Bahawalpur limeanza kupunguza ukali. Shemeji hajambo? Mguu wake umepona, au bado anausingizia asitumwe sokoni? Nibusie wajukuu wote, hasa yule mdogo mwenye kelele. Mimi sijambo, ila jua la milimani limenibabua pua, na majirani wananicheka kwamba nimerudi na sura ya kiazi cha kuchoma.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini dada, kwenye simu wewe huanza kunijibu kabla sijamaliza, na safari hii nataka unisikie mpaka mwisho.

Uliniuliza safari ya Deosai ilikuwaje, nikakuambia nzuri tu. Sikukueleza hata robo. Unajua tulikwenda watatu. Mwalimu Mussarat ndiye aliyetupangia, na unamfahamu tangu tukiwa wasichana: akiingia chumbani hata pazia hukaa sawa. Mimi nilikuwa wa pili. Wa tatu ni Bilqees, mjane wa ghorofa ya juu, yule anayerudi ngazini mara mbili kuhakikisha kama amefunga gesi. Ukweli, huyo sikutaka aje. Nilimkaribisha kwa kuona haya tu, kwa sababu alinikuta natoa sanduku uvunguni akasimama pale mlangoni, akiliangalia kama mtoto anayeangalia peremende.

Kabla hatujaondoka Bilqees alitukalisha na kutaka kila mmoja aseme anaumwa nini na anakunywa dawa gani. Mussarat alicheka mpaka akajifuta machozi. Akamwambia, “We Bilqees, tunakwenda kutembea au kulazwa? Andika wasia wako, sisi tutapiga picha.” Nami nikacheka. Mussarat akasema yeye ni mzima kama punda wa mfinyanzi, mazungumzo yakaishia hapo.

Mjini Skardu, chini ya milima, tulipokewa na dereva wa gari la jipu anayeitwa Mehdi, mtu wa huko huko, mpole, mwenye watoto wake. Kwa kawaida yake, wageni wanaotoka bondeni hupumzika kwanza ndipo awapandishe, na alitueleza sababu. “Mama zangu, kule juu hewa ni chache. Mwenye moyo, mwenye kifua, mwenye presha aniambie sasa. Sitamwacha. Nitampeleka taratibu, au tutazunguka huku chini Shigar, kwenye mashamba ya aprikoti, nako ni kuzuri.” Bilqees akataja presha yake, kisha bila kuulizwa akaitaja na yangu, na mfuko ninamoweka vidonge. Nilitamani kumfinya. Mussarat akampiga Mehdi begani akasema, “Mwanangu, nimetawala shule nzima ya wasichana, mlima wako hautaniweza. Washa gari.” Basi siku ya kupumzika ikafutwa. Mehdi alinitazama mimi, kana kwamba anangoja neno. Nami nikapanda nikakaa.

Dada, Deosai siwezi kukuelezea. Ni nyika pana juu ya milima, maua hayana idadi, mito myembamba inapita katikati ya majani, na mawingu yako karibu hivi kwamba unaongea kwa sauti ya chini. Tukiwa karibu na ziwa Mussarat akaona kwa mbali dubu jike na watoto wake. Akataka Mehdi aiache njia, akatize majanini tukapige picha kwa karibu. Mehdi akakataa. Alisema majani yale hupata kiangazi kifupi tu, alama ya tairi hukaa miaka, na dubu mwenye watoto si wa kufuatwa. Mussarat akamkejeli, “Unaringia nyasi utafikiri umezipanda wewe!” Mehdi akacheka akamjibu, “Sikuzipanda, mama, ndiyo maana siwezi kuzirudisha.”

Mussarat hakuzoea kukataliwa. Akashuka, akafunga shali kichwani, akaanza kupanda kilima kwa miguu ili amwone dubu kutoka juu. Tulimwita, akatupungia mkono. Dubu alikuwa amekwisha kwenda zake. Alipogeuka kurudi, nilimwona anasimama, anatembea kidogo, anasimama tena. Alifika kwetu rangi imemtoka, midomo ya samawati, akakaa chini kwenye majani. Nikamshika mkono, ulikuwa umelowa jasho na huku upepo ulikuwa wa baridi. Akanivuta karibu akaninong'oneza, “Ni moyo, Sughra. Nilizibuliwa mshipa mwaka juzi. Usiwaambie.”

Usiwaambie! Pale, katikati ya nyika, pasipo hata mti. Nilipiga kelele hapo hapo, nikamwambia Mehdi kila kitu. Hakuuliza swali la pili. Alimbeba akamlaza kiti cha nyuma, akaelekea upande wa pili wa nyika kulikokuwa na kambi ya askari na daktari wao. Bilqees alikaa chini kwenye sakafu ya jipu, amekipakata kichwa cha Mussarat, na kila tulipovuka mto alikuwa akimwambia, “Niko hapa, mwalimu. Nimekushika.”

Yule daktari alikuwa kijana sana. Alimpa oksijeni, kisha akatugeukia akauliza anatumia dawa gani, ili asije akampa kitu kitakachogombana nazo. Mussarat hakuweza kusema. Tukaumwaga mkoba wake: kioo, lozi, krimu ya uso, kitana. Vidonge alikuwa ameviacha Lahore makusudi, tusije tukaviona. Daktari akatuuliza, “Mnasafiri na mtu msiyemjua?” Nikamjibu kwa hasira kwamba namjua tangu tukiwa wasichana. Yeye aliendelea kumsikiliza kifua.

Mungu alimnusuru. Walimteremsha hadi hospitali ya mji mdogo wa bondeni, akaanza kupumua vizuri. Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza.

Wanawe wawili walifika kutoka Lahore, macho mekundu kwa kukosa usingizi na kwa woga. Mtoto aliyeogopa, dada, hutafuta wa kumlaumu. Wakamkamata Mehdi. Mkubwa akamfokea uani mwa hospitali, mbele ya watu wote, “Unampandisha mama wa watu milimani kama gunia la unga, hata kumuuliza hali yake hukumuuliza?” Mehdi akasema aliuliza. Wakamwita mwongo. Wakaenda polisi kushtaki, na jipu likazuiwa pale kituoni mpaka shauri liishe. Unajua msimu wao ulivyo mfupi. Theluji ikianguka njia inafungwa, na dereva anakaa nyumbani mpaka mwaka mwingine.

Na Mussarat yumo kitandani, anasikia yote dirishani, amefumba macho.

Nilimwambia Bilqees turudi nyumbani, mambo ya familia yao tuwaachie wenyewe. Nilikuwa nimechoka, dada, na nilimwonea Mussarat haya. Bilqees, ambaye nyumbani huomba nimsindikize hata kwa fundi viatu, akanitazama akasema, “Wewe nenda. Mimi nibaki. Siwezi kumwacha mtoto wa watu na mzigo usio wake.” Nikaona aibu, nikabaki naye. Tukaenda kituoni. Alitetemeka mpaka shali ikawa inamtoka kichwani, lakini alieleza kila neno alilosema Mehdi na kila alilojibiwa. Mkuu wa kituo alitusikiliza kwa adabu. Akasema wanawe wanadai hivi, sisi tunasema vile, na mwenye kulimaliza ni mgonjwa mwenyewe.

Basi tukaenda wodini. Nilitaka kuanza kwa maneno laini, Bilqees akanitangulia. Akavuta kiti, akasema, “Mwalimu, Mehdi amekaa kwenye ngazi za kituo tangu asubuhi. Hajala. Waambie wanao.” Mussarat akageukia ukutani. Baadaye akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, “Nikiwaambia nilificha, hawataniacha nitoke mlangoni tena maisha yangu yote. Mtu akishajua una moyo mbovu, anakufanya glasi, anakuweka kabatini. Hamjui.” Bilqees akamjibu, “Najua. Mimi mnanicheka kila siku kwa woga wangu. Lakini woga wangu nimeubeba mwenyewe.”

Mussarat alilia. Mimi nilimjua kwa ukali wake, kwa vicheko vyake, kwa fimbo yake. Kulia sikuwahi kumwona. Kisha akaniomba nimwite mwanawe mkubwa. Tukatoka nje.

Yule kijana alipotoka kwa mama yake alishuka hadi kituoni, nasi nyuma yake, akasimama mbele ya Mehdi. Akamnyooshea mkono. Mehdi aliupokea, akauliza tu, “Mama anapumua vizuri sasa?” Jipu lilirudishwa, lakini wageni waliokuwa wakimngoja Skardu walikwisha kuchukuliwa na madereva wengine. Hakulitaja hilo. Nilisikia kwa watu.

Tangu turudi nimekwenda kumwona Mussarat kwake. Amekonda, na wanawe wamemwekea mtu wa kumlinda kama benki. Aliniambia, “Ningewaambieni mapema, mngenikataa.” Nimelifikiria neno hilo kila siku. Je, tungemkataa? Naona tungekwenda Shigar. Tungekaa chini ya miti ya aprikoti, yeye angetusimamia kama kawaida yake, angemwambia mwenye shamba jinsi ya kupogoa miti yake mwenyewe, tungecheka, na tungerudi wote. Hakutupa nafasi ya kumchagua, dada. Alituchagulia yeye, akatupandisha mlimani na mtu wa nne tusiyemwona.

Sasa nifikie lililonikalisha kuandika. Shika kiti.

Najua habari ya moyo wako. Shagufta aliniambia. Usimkasirikie mkweo, alinipigia simu akilia, kwa sababu ndiye aliyekukuta umeanguka jikoni, na ukamwapisha asimwambie hata mumewe. Najua daktari wa Multan alikuambia nini. Na najua ulipokwenda kupimwa kwa ajili ya cheti cha Hija tuliyopanga kwenda pamoja, kwa daktari mwingine, hukumtajia lolote, akakugongea muhuri.

Nakujua, hapo unajibu tayari. Unasema kufa kule Makka ni heshima, na ni nani asiyeitaka? Sibishani nawe katika hilo. Lakini dada, nani atakayekuwa amekushika mkono siku hiyo, kwenye lile joto, katikati ya umati ule wa Mina? Ni mimi. Daktari atanigeukia aniulize unatumia nini. Na kiongozi wa msafara wetu, yule bwana mpole aliyetuuliza sote kama tuna maradhi ukamwambia huna hata mafua, wanao watamfanyia nini? Unawapenda wanao, lakini unawajua hasira zao.

Kwa hiyo juzi nilikwenda kwa wakala nikaliondoa jina langu katika msafara wa mwaka huu. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, maana unajua nimeingoja safari hiyo tangu marehemu mume wangu akiwa hai. Jina lako sikuligusa. Si haki yangu. Ukitaka kwenda na wengine, wewe ni mtu mzima. Lakini mimi siwezi kwenda bila wewe, na siwezi kwenda nawe ukiwa umejificha.

Ila ukienda kwa daktari ukamweleza yote, naye akasema nenda, mwakani nitaliweka jina langu kando ya lako. Nitakusukuma kwenye kiti cha magurudumu wakati wa kutufu Al-Kaaba, na ukinifokea kwamba nakwenda pole nitavumilia. Akisema usiende, siku ya Arafa nitakuja tufunge pamoja hapo kwako, tuombe dua zetu jikoni, na Mungu anatujua sote tulipo.

Msalimie sana shemeji, umwambie namwombea afya. Msalimie Shagufta kwa upole. Bilqees anakusalimu, na Mussarat pia, ingawa hajui nimekuandikia nini.

Nimekata tiketi ya treni ya Jumatano. Usijisumbue kupika. Ukifungua mlango, nifokee hapo hapo kizingitini, mbele ya majirani ukitaka. Nitasimama nisikilize mpaka umalize. Kisha chukua shali yako, twende wote kwa daktari.

Mdogo wako akupendaye,
Sughra