Taa ya Muleba Imewaka

Igogo, Mwanza
16 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Nestory,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Hamjambo huko Windhoek? Kifua cha mkeo Sharon kimepona? Sisi tunamshukuru Mungu. Goti langu linagoma mvua ikinyesha, lakini mama yako mdogo Tereza ana nguvu kuliko mimi.

Ziwa limepanda tena hadi kwenye mawe ya wafua nguo.

Nimepata ujumbe wako kwamba umepata mnunuzi wa kibanja chetu cha Kyaka. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze habari za meza ya marehemu kaka yangu, baba yako.

Unaikumbuka ile treni ndogo juu yake. Baba yako, fundi wa ishara za reli, aliitandikia njia ambayo haijawahi kujengwa: Mwanza, Geita, Biharamulo, Muleba, hadi Kyaka, nyumbani tulikotolewa na vita vya 1978. Alifariki kabla hajamaliza saketi za kuonyesha treni ilipo, nami nimezimaliza kwa kufuata michoro yake. Kila kipande cha reli kimetengwa na kingine. Injini ikiingia, umeme hupita ndani yake kutoka reli moja kwenda ya pili, na taa yenye jina la kituo chake huwaka ubaoni. Ikitoka, taa huzimika.

Siku nilipomaliza niliwasha umeme kujaribu. Taa ya Mwanza ikawaka. Injini ilikuwa bado kabatini.

Nilidhani ni unyevu wa ziwa. Nikasafisha reli kwa spiriti, nikakausha nyaya. Baada ya siku kadhaa Mwanza ilizimika, ikawaka Geita. Nikamwita Pius, fundi redio wa mtaani kwetu, akapima kila kiungo kwa mita yake. Akiwa ameinama hivyo hivyo, Geita ikazimika, Biharamulo ikawaka. Nikamwambia ni unyevu tu.

"Mzee," akasema, "unyevu haujui ramani."

Alicheka, lakini mita yake aliiacha mezani, na hajaifuata hadi leo.

Tereza hapigi tena deki chumba kile. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Longino, kaka yako mlimlaza kwenye udongo wa nani?"

Sisi Wahaya humzika mtu kibanjani kwake, kati ya migomba, mrithi wake akiwepo. Baba yako tulimzika Kisesa, kwenye makaburi ya kanisa, kwa kuwa ni karibu, na wewe hukupata ruhusa kazini.

Juzi imewaka Muleba. Ningeweza kuchomoa waya wa umeme, lakini mkono unakataa. Nani humkatia kaka yake safari?

Imebaki Kyaka. Kwa hiyo jibu langu, mwanangu, ni hili: usiuze. Omba ruhusa, uje twende wote. Nyumba haipo tena, ila migomba ipo, na mrithi ni wewe. Sitaki afike akute mgeni kibanjani, aulizwe anamtafuta nani.

Shangazi yako Bernadetta anakusalimu sana, na Tereza pia. Nibusie Sharon na watoto.

Mungu awanyooshee njia, wewe na yeye.

Baba yako mdogo, anayekupenda na kukungoja,
Longino